Mngoni Aliyekwenda Ziwani na Maharage

Jirani yangu Mwalimu Mkuu alikuwa hali samaki. Si mbasa, si magege, si hata dagaa wa kukaanga kwa nyanya na pilipili. Ukipika samaki saluni kwangu mchana, alifunga dirisha lake la upande wetu, na alilifunga kwa kishindo ili ujue limefungwa kwa sababu yako. Sasa mtu huyo huyo, kila mwaka mahindi yakishavunwa, alifunga begi, akamchukua mkewe, wakapanda basi la kwenda Mbamba Bay, na huko wakakaa wiki nzima wakipanda milima na kuvua samaki kwa ndoana. Kwa raha zao! Hawakuwa na biashara huko, wala kesi, wala msiba. Hebu niambie, ungekuwa wewe usingeuliza?

Mimi niliuliza. Mimi ni msusi, saluni yangu iko Lizaboni, hapa Songea, na ukuta wangu na ukuta wa Mwalimu Mkuu unaweza kupitisha mkono tu katikati. Miaka yote niliyokaa pale nilimtazama mzee yule kama wenzangu wanavyotazama tamthilia. Wanaosema mimi mmbeya wananionea. Nina maswali tu, na watu wengi wanapenda kuulizwa.

Tuliendelea kumwita Mwalimu Mkuu hata baada ya kustaafu, maana cheo kilikuwa hakijamtoka mwilini. Mkewe tulimwita Mama Mkuu kwa utani, kama masista wanavyomwita mkubwa wao wa konventi, naye akacheka, akalipokea jina. Yeye ni Mnyasa, wa huko huko ziwani, kijiji kimoja upande wa Liuli. Ni mwanamke mfupi, sauti ndogo, mwendo wa haraka, na ukimsuka hajitikisi hata kidogo.

Kuhusu Mwalimu Mkuu, kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba alikuwa hajui kuomba. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Ila neno "naomba" lilikuwa halimo kinywani mwake. Dukani alisema, "Kiberiti." Kwa kijana wa bodaboda alisema, "Hospitali. Taratibu. Usiongee." Kwangu alisimama mlangoni, haingii, akasema, "Redio yako," na mimi nikajua nipunguze sauti. Hata Mungu hakusalimika. Kwenye jumuiya, zamu yake ya kuongoza maombi ikifika, wote tulijiandaa kuuma midomo. "Ee Bwana, mvua. Ya wastani. Wagonjwa wapone. Vijana waache pombe. Amina." Siku moja katekista akamwambia kwa upole, "Mwalimu, hapa tunamwomba Mungu, hatumpangii ratiba." Mwalimu Mkuu akamtazama juu ya miwani. "Yeye ananielewa," akasema, akakaa.

Lakini mkono wake ulikuwa wazi. Mwanangu alipozidiwa na malaria, kabla sijajua nishike wapi, niliona teksi mlangoni na Mwalimu Mkuu ameketi mbele. "Ingia," akasema. Akakaa nami kwenye benchi la hospitali mpaka mtoto alipofumbua macho akataka chai. Hakuniambia pole hata mara moja. Aliinuka, akavaa kofia, akasema, "Sasa anaendelea vizuri," utafikiri ni yeye daktari. Mwaka ule ule nilikuta debe la mahindi limeegemea mlango wangu. Nilipokwenda kushukuru alinijibu, "Panya wengi ghalani," na mlango ukafungwa.

Shamba lake lilikuwa Maposeni, na alikwenda huko akiwa amepiga viatu kiwi. Yesu na Maria, kiwi cha kwenda kulima! Akifika alivivua, akavipanga chini ya mti, akaingia shambani na buti za mpira. Mahindi aliyapanda kwa kamba, mstari umenyooka, na mche uliotoka nje ya mstari aliung'oa. Wapita njia walisimama kulishangaa shamba lile, naye alijifanya hawaoni.

Basi juu ya safari za ziwani kila mtu alikuwa na lake. Fundi seremala wa jirani alisema mzee ananunua kiwanja cha kujenga hoteli. Mama wa genge alisema wanafuata dawa kwa mganga, tena alisema kwa uhakika kama vile alimsindikiza. Mimi nilimvizia mwenyewe siku anafunga begi uani.

"Shikamoo Mwalimu. Mnaenda fungate tena?"

"Marahaba. Tunakwenda kutembea."

"Kutembea mpaka wapi?"

"Mpaka tutakapofika."

Na nikaona kwa macho yangu akitia begini kimfuko cha maharage. Maharage! Mtu anakwenda ziwani na maharage! Baadaye mwanamke mmoja muuza dagaa kutoka Mbamba Bay, niliyekuwa namsuka, akatumaliza kwa kicheko. "Kule tunamwita Mtalii wa Kingoni," alisema. "Asubuhi yuko juu ya jiwe na mshipi wake. Akipata samaki anampa mkewe, mkewe anakula, yeye anakula maharage aliyotoka nayo huku kwenu. Tunamwangalia tu."

Aliyenipa jibu ni Mama Mkuu mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, namsuka mtindo wa twende kilioni, mvua inanyesha na wateja wengine hawapo. Nikamuuliza bila kuzunguka: mama, kwani kule mnafuata nini?

Akaniuliza kama namjua mwanaume aliyeng'oa muhogo wa mkewe.

Walipokuwa bado wapya katika ndoa, alisema, alipanda muhogo nyuma ya nyumba. Kwao ugali ni wa muhogo, na kila alipouona ule muhogo ukichanua majani aliona yuko na watu wake. Mwalimu yeye aliona fujo: miche imejipandia huku na kule, haina mstari. Siku moja mke katoka kanisani, akakuta shamba limelimwa, limewekwa matuta, na mumewe ameshika kamba anapanda mahindi. Hakumuuliza, hakumwambia. Alidhani anamfurahisha! "Mahindi ndiyo chakula," alimwambia. Mama Mkuu hakugomba. Alimpikia, akampigia pasi shati la Jumatatu, na Jumatatu hiyo hiyo Mwalimu alipokwenda shule, yeye akapanda gari la kwenda kwao.

Mwalimu akamfuata. Mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo kutoka Mbamba Bay alitembea kwa miguu, kupanda milima na kushuka, na viatu vyake vya kazini. Alifika kwa wakwe akiwa na matope mpaka magotini, akasimama uwanjani na kumwambia mkewe, "Chukua mizigo, tunaondoka."

"Baba yangu alikuwa anashona wavu," Mama Mkuu alinisimulia. "Hakuinua hata kichwa. Akamwambia, 'Mkwe wangu, karibu. Hapa mtoto wangu haondoki kwa amri. Ukishajua kumwomba, utamwomba. Kwa sasa chukua mshipi huu, kakae pale jiweni uvue na wenzako.' Basi akaenda. Akakaa wiki nzima. Kila jioni anarudi na samaki, anataka kusema, hasemi. Nilimwona anavyotokwa jasho. Ile siku ya mwisho akaja, akakaa chini kwenye mkeka, akaniomba. Aliniomba vizuri, mwanangu. Sikuwahi kumsikia na sauti ile."

"Ukakubali?"

"Nikamwambia nakubali mwaka mmoja. Mwaka ukiisha unirudishe kwetu, unipitishe njia ile ile uliyokuja nayo, na kama bado unanitaka uniombe upya."

Mkono wangu ukasimama kwenye nywele zake. "Kwa hiyo kila mwaka..."

"Kila mwaka."

"Na ukikataa?"

"Nabaki kwetu."

"Umewahi kukataa?"

"Bado," alisema, akaniomba nisimvute sana kisogoni.

Bado! Toka siku hiyo raha ya kuwatania iliniisha. Kila walipoondoka nilibaki na kuku wao na roho juu, nikitazama barabara siku ya kurudi kama watashuka wawili. Walishuka wawili, yeye mbele na begi, mkewe nyuma na dagaa za kutugawia, na mimi nikaenda kuwapokea kwa vigelegele ambavyo Mwalimu Mkuu alikuwa haelewi vinatoka wapi.

Mwaka mmoja nilikwenda nao. Nilisingizia dagaa, kwamba nataka mzigo wa kuja kuuza. Mama Mkuu alinikonyeza, akasema twende.

Sijawahi kuchoka kama vile. Pale Mbamba Bay pikipiki zimejaa tele, lakini wao walikamata njia ya miguu inayofuata ukingo wa ziwa, juu ya kilima, chini kwenye mchanga, juu tena kwenye majabali. Maji ni meupe kiasi kwamba ukiwa juu unaona mawe yaliyoko chini na samaki wanaopita kati yake. Mbele ni maji tu mpaka macho yanakoma, na wenyeji wanasema ng'ambo ni Malawi. Mama Mkuu alipanda kana kwamba magoti ni ya msichana. Mwalimu Mkuu alifuata na viatu vyake vya kiwi na fimbo. Kilima cha kwanza alikuwa bado mwalimu mkuu: "Pumzika hapa. Kunywa maji. Usikanyage hilo." Mkewe hata hakugeuka. Kilima cha pili amri zikapungua. Tulipoanza kuona mapaa ya kijiji alikuwa kimya kabisa, ananyoosha kola, anajipangusa uso, na mimi nikamwonea huruma. Mtu mzima na mvi zake alikuwa anaogopa.

Na kule jiweni mambo yaligeuka! Anayetoa amri ni Mama Mkuu. "Achia. Vuta. Siyo hivyo, unamtisha." Naye anaachia, anavuta, anarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama Mkuu akipata samaki anapiga kelele na kucheka mpaka kanga inalegea, na mzee anamtoa samaki kwenye ndoana kwa vidole viwili, uso ameukunja kwa harufu. Kisha anamweka ndoo, anaosha mikono kwa sabuni aliyokuja nayo, anarudi kukaa ubavuni mwa mkewe. Wakati mwingine walikaa muda mrefu bila kuongea, mabega yamegusana. Songea sijawahi kuwaona wamekaa hivyo.

Siku ya mwisho niliona kwa macho yangu. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyekaa kama mzazi ni dada mkubwa wa Mama Mkuu, mjane. Mwalimu Mkuu alikuja na shati lililopigwa pasi. Aliletewa kiti, akakikataa, akakaa mkekani. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi, nachambua mchele uleule mara ya tatu.

"Mama," alianza, macho kwa mkewe. Akakohoa. "Mama, mwaka umeisha. Najua nilivyo. Ninaomba... ninaomba turudi wote Songea. Kama hutaki, nitaelewa."

Mama Mkuu alimtazama, tena alimtazama bila haraka. Kuku alipita kati yao.

"Mwaka mmoja," akasema.

Yule mzee alifunga macho, akashusha mabega. Nililia pale jikoni, sioni aibu kusema. Mimi mume wangu hakuniomba hata siku aliyonichumbia, alituma watu.

Halafu akastaafu. Jamani, usiombe mwalimu mkuu astaafu ukiwa ndani ya nyumba moja naye. Shule nzima aliyokuwa akiiongoza ilibaki mtu mmoja. Alipanga masufuria ya mkewe kwa ukubwa. Alimwekea saa ya kupika na saa ya kufagia. Ubaridi wa mwezi wa saba ulipoingia magoti ya Mama Mkuu yakaanza kumuuma, akawa anakuja saluni kuota jua kwenye ngazi yangu, kusukwa hataki, anataka kukaa tu. Dada yake kule alikuwa mgonjwa na hana mtu wa kumtekea maji. Siku wanafunga begi alinishika mkono.

"Mwanangu," alisema, "mwaka huu sijui."

Waliondoka. Siku ya kurudi sikusuka mtu. Bodaboda ikasimama, akashuka Mwalimu Mkuu na begi lake, peke yake, na bodaboda ikaondoka.

Hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja saluni, na kwa mara ya kwanza akaingia ndani. Wateja wakatoka mmoja mmoja bila kuambiwa. Alikaa kwenye kigoda anachokaa mkewe.

"Amekataa," alisema.

Nikazima redio.

"Anasema amechoka na baridi. Dada yake anaumwa. Anasema anataka kukaa kwao, na kwamba hana kinyongo na mimi." Aliitazama mikono yake. "Nikamwambia sawa. Nikaja. Nyumbani sijui nitaingia nifanye nini."

"Mwalimu, kwani ulimwomba nini?"

"Turudi Songea. Kama kila mwaka."

"Basi?"

"Basi."

"Hukumwomba kingine?"

"Kipi?"

Haki ya Mungu, nilitamani nimtikise. "Si umwombe ubaki wewe!"

Alinitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la kitabu ambacho hakupewa. Niliona lile neno linamwingia taratibu, na niliona pia linavyomuuma, maana kwa watu wetu mwanaume kuhamia kwa wakwe ni kichekesho. Ndugu zake wa Maposeni wangesema ameolewa. Angekuwa mgeni uzeeni, hana shamba, hana mtu wa kumwamkia kama Mwalimu Mkuu, na kila chungu kinanuka samaki.

"Watanicheka," alisema.

"Watakucheka sana."

"Na yeye anaweza kukataa tena."

"Anaweza."

Akainuka, akavaa kofia. Mlangoni akageuka na kuniuliza, kwa sauti ambayo Songea hajawahi kuitumia, kama ninadhani mkewe atamsikiliza. Nilimwambia sijui, mama, namaanisha mzee, sijui, nilichanganyikiwa mpaka nikamwita mama. Kesho yake asubuhi alinikabidhi kuku na funguo, akaenda stendi.

Nyumba ile sasa ina wapangaji, vijana wa benki, hawana jambo lolote la kuuliza. Shamba la Maposeni analima mpwa wake, na mistari imepinda.

Mwaka jana baada ya mavuno nilikwenda kuwaona. Nilimkuta Mwalimu Mkuu ziwani, suruali ameikunja, kwenye uchanja wa kuanikia dagaa, pamoja na akina mama wa pale. Alikuwa anawapanga dagaa vichwa upande mmoja, mikia upande mmoja, na akina mama wanamcheka waziwazi, na yeye anaendelea. Miguuni hana viatu. Aliponiona alinyoosha mkono unaonuka samaki.

"Karibu kwetu," alisema.

Nilimsalimia, nikamuuliza habari za hapa. Akainama kidogo, kama mtu anayetoa siri, lakini furaha ilikuwa imemjaa usoni. "Nimepewa mwaka mwingine," akasema. "Niliomba juzi."

Mchana walikula samaki, na yeye akala mkia wa magege, polepole, na glasi ya maji karibu. Alipomaliza akatoka kwenda kumchotea maji shemeji yake. Nikabaki na Mama Mkuu jikoni, magoti yake hayamuumi tena, anamenya muhogo.

"Mama," nikamwambia, "si umalize hili jambo? Mzee wa watu ameacha kwao, ameacha kila kitu. Mwambie akae moja kwa moja, apumue."

"Nikimwambia hivyo ataacha kuniomba." Hakuona haya. "Napenda kuombwa, mwanangu. Ile siku moja inanitosha mwaka mzima."

"Na siku akichoka je? Akiamka akasema haombi tena, anarudi zake Songea?"

Kisu kikasimama. Kupitia mlangoni alionekana Mwalimu Mkuu anapanda kutoka ziwani na ndoo, anapumzika, anapanda tena. Mama Mkuu alimtazama mpaka akafika uwanjani.

"Basi nitamwomba mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Nitakaa mkekani nimwombe abaki, na asipokubali nitamwomba tena kesho yake." Halafu akanigeukia haraka, ameninyooshea kisu. "Ila wewe na mdomo wako huo, usimwambie."